Kinara cha Avoka

Mti ulianguka usiku, mwezi wa kumi,
mvua ya Kadutu haipigi hodi,
ukalala juu ya jiko letu kama mgeni mlevi:
mabati mawili chini, sufuria ya sombe chini.
Mti wa Bisimwa. Paa letu.
Tangu siku hiyo salamu zikawa za kikohozi.

Aliandika deni kwa mkono wake
kwenye karatasi aliyoichana daftarini mwa mtoto:
mabati mawili, misumari nusu kilo, nitalipa.
Nitalipa. Neno refu kuliko mwinuko wa Funu.
Nikachukua gogo.

Waseremala wananicheka: avoka si mti wa kuchonga,
ukikauka unapasuka, wadudu wanaupenda,
hata kuni zake ni moshi kwanza, moto baadaye.
Mimi nina patasi moja ya marehemu baba,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kipande cha chupa cha kulainishia.
Nsimire akasimama mlangoni na ungo:
“Unachonga mtumbwi?”
Kinara, nikasema. Cha katikati ya meza. Cha Noeli.
“Meza ipi?”
Alikuwa na haki. Meza yetu ina miguu mitatu na tofali.

Kwetu buji si pambo.
Buji ni lawama: umeme umekwenda tena,
nani amekalia kiberiti,
nani amemaliza ile ya juzi kwa kusoma.
Tunaibandika kwenye kifuniko cha kopo la nyanya
kwa tone la nta yake mwenyewe,
nayo inatuonyesha nyuso tulizozichoka mchana.
Nilitaka, mara moja tu, iwe na mahali pake pa kukaa.

Mwezi wa kumi na moja wote, jioni baada ya kazi,
vumbi la mti kwenye maharagwe, kwenye ndevu, kwenye Biblia.
Nilikusudia ndege. Likatoka tuta.
Nikaliita mlima, likakubali.
Fundo moja lilikataa patasi kabisa;
nikaliacha pale lilipo, linatazama.
Tundu la kwanza sawa. La pili sawa.
La tatu, Bisimwa akapita njiani bila kusalimu,
mkono ukasukuma kuliko nilivyouambia.

Siku nne kabla ya sikukuu, usiku, kinara kikalia: ka!
Ufa, kutoka tundu hadi ukingoni.
Niliujaza nta, nikausugua kwa kidole gumba
mpaka ukaonekana kama nilikuwa nimeukusudia.

Noeli. Kitenge kipya juu ya tofali na miguu.
Wali, mbuzi kidogo, lengalenga nyingi.
Buji mbili wima kama walinzi wa benki,
ya tatu imeinamia wali, inadondosha.
“Ikazie kwa karatasi,” Nsimire akasema.
Nikapekua mifuko ya koti, nikapekua sanduku.
Iliyokuwa na unene wa kutosha ilikuwa moja.
Nikaikunja mara mbili, mara nne.
Nitalipa ikazama ndani ya mti wake.
Buji ikasimama.
Sikumwambia mtu.

Hatujamaliza amina, mlango ukasukumwa:
yule binti wa Bisimwa, Mapendo,
sahani imefunikwa kwa sahani.
“Baba amesema sambaza ni za moto.”
Baba yake hakusema jambo jingine, wala mimi sikuuliza.
Nsimire akamimina samaki,
akajaza mbuzi ile sahani, maana sahani ya jirani
hairudi ikiwa uchi.

Ndipo umeme ukarudi.
Mtaa mzima ukapiga yowe, redio zikaamka katikati ya maneno,
balbu yetu ikatumwagikia meza nzima:
ufa, tofali, doa la nta kwenye kitenge,
tuta la avoka ambalo si mlima wala ndege.
Cirhuza akavuta shavu apulize.

Nsimire akainuka. Nikadhani anafuata chumvi.
Akaenda ukutani, akazima balbu.

“Kaeni,” akasema gizani, “bado tunakula.”