Kuu, Suu, Puu

Tampere, Februari. Mto umeganda kote
isipokuwa pale maji yanapoporomoka katikati ya mji,
na juu ya maporomoko, kilichokuwa kiwanda cha pamba
sasa kina maabara, ghorofa ya tatu.
Irja Vuolle, daktari ambaye hajawahi kumtibu mtu,
hupima tu,
anafunga mlango wenye unene wa godoro.
Humo ndani ukimeza mate unajisikia.

Tyyne Lehtovirta, miaka themanini na mmoja,
amevua kofia ya sufi. Koti hajalivua.

Kuu, kwa lugha yao, ni mwezi.
Suu ni mdomo. Puu ni mti.
(Kwetu yote matatu huanza kwa kufumba midomo.
Kwao herufi ya mbele ndiyo mlinzi wa pekee.)
Herufi yenyewe ni pumzi, nyembamba kama ncha ya sindano,
na hiyo ndiyo huibwa kwanza.
Vokali hubaki, nene,
kama wageni walioshiba wasiotaka kuaga.

Kelele inapandishwa, desibeli kwa desibeli.

"Puu," anasema Tyyne.
Ulikuwa mwezi.
"Puu."
Ulikuwa mdomo.
"Puu," na safari hii kweli ulikuwa mti,
lakini Irja, kwa miaka kumi na mmoja ya kazi hii,
anajua kubahatisha kunavyofanana na kujua.

"Kusikia nasikia," Tyyne ananung'unika.
"Ila maneno yanakuja bila meno."

Ndani ya sikio mna konokono,
na ndani ya konokono vinyweleo,
safu kwa safu kama nyuzi za mtande.
Ukikatika uzi wa kitambaa, mfumaji hufunga fundo.
Hivi vikikatika havifungwi.
Kwenye kompyuta mstari wa Tyyne unateremka,
unateremka, kisha unalala chini kama mbwa.

Irja anazima maikrofoni. Anamgeukia Eetu, msaidizi wake:
"Hapa hakijabaki kitu. Tunapoteza asubuhi."

Nyuma ya kioo, bibi anavua spika za masikioni,
anaziweka mapajani taratibu.
"Kimebaki," anasema. "Na asubuhi ni yangu pia."

Eetu anaitazama taa ya maikrofoni.
Haiwaki.

"Ukumbi wa chini, pale mnapoegesha baiskeli," anasema Tyyne,
"palikuwa na mitambo mia mbili. Miaka thelathini na mitatu.
Nani angesikia nini?
Tulisengenyana mchana kutwa, na msimamizi
akipita katikati yetu, tukimsengenya yeye.
Armas alinichumbia kutoka mtambo wa nne,
mafuta hadi kwenye viwiko.
Sikusikia hata herufi. Nikamjibu ndiyo."

Wahenga wangu walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Juu ya jicho hawakusema neno.

Irja amewaka mashavu.
Vitini pake wamepita watu mia nne na kumi na wawili,
na wote, ili kipimo kiwe safi,
aliwakalisha wakitazama ukuta.
Leo tu Eetu alisahau kukigeuza kiti.

Sasa anakivuta chake hadi kwenye kioo.
Kelele kazima. Sauti kazima.
Puu: midomo inagongana.
"Mti," anasema Tyyne kabla haijaachana.
Suu: meno yanachungulia.
"Mdomo."
Kuu inafanyika nyuma kooni, gizani,
na Tyyne anasita, anainamisha kichwa
kama anayetafuta kitu chini ya kabati.
"Hili unalificha. Mwezi?"
Mwezi.

Eetu anaandika, anafuta, anaandika;
daftari halina safu ya mambo kama haya.

Kisha Irja anasema neno jingine, refu kidogo,
bila sauti, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo.

Tyyne anangoja ukungu ufutike.
"Hilo halimo kwenye orodha yako," anasema,
na kuanza kufunga vifungo vya koti,
kimoja kimoja, kutoka chini.