Nyuzi Tatu

Baridi ya Julai ilikuwa imeingia Kaloleni,
ile ya kufunga leso shingoni hadi saa nne,
Mwalimu Vugutsa aliponiitia piano ya ukumbi wa kanisa.
"Ina nyigu," alisema. "Upande wa kushoto.
Kwaya wakiimba, naye anaimba."

Nikavua ubao wa chini: vumbi, punje za mchele,
risiti ya maziwa, kibanio cha nywele.
Nikavitoa vyote. Nyigu akabaki.

Nyuzi za besi si kama nyingine.
Kila mmoja ni chuma kilichovaa shaba,
imezungushwa, ikazungushwa, kama bendeji kidoleni,
na miaka ikipita shaba hulegea:
chuma kinatetemeka, nguo yake inachelewa.
Hapo ndipo mlio unapozaliwa.

Dawa yake: legeza uzi, uchomoe kwenye msumari wa chini,
usiuachie ujikunje,
usokote mzunguko mmoja kufuata njia ya shaba
(mmoja tu, wa pili ni tamaa),
kisha urudishe, ukaze polepole, uso umeugeuza,
maana uzi wa miaka sitini ukikatika haubishi hodi.

Kadenyi, bintiye mwalimu, alinishikia tochi.
Wa kwanza ukatulia.
Wa pili ukanung'unika, ukatulia.
Wa tatu ukatoka mnene, safi,
kama lori linalopita mbali usiku.

Wa nne ulikataa.
Nikausokota. Nikakaza skrubu za daraja.
Nikaondoa chombo cha maua, picha ya askofu,
funguo mfukoni mwangu;
nikabandika kiganja kwenye vioo vya dirisha, kimoja kimoja,
huku Kadenyi akibonyeza, akibonyeza.
"Unamsikia?"
"Nani?"
"Nyigu."
Akabonyeza tena, akainamisha kichwa kama kuku.
"Fundi, mbona huo ni mzima tangu mwanzo?"

Mwalimu akaja, naye akasikiliza.
Akaniangalia kwa upole ambao sikuutaka.

Nikaziba sikio la kulia: sauti nzito, safi.
Nikaliachia, nikaziba la kushoto.
Alikuwemo. Anazunguka. Amejenga.

Kinyozi hajinyoi, hilo nililijua.
Nikarudisha ubao, nikahesabu bisibisi zangu,
kwenye risiti nikaandika: nyuzi tatu.
"Ni nne," akasema mwalimu, "nimekuona ukihangaika."
Tatu, nikamwambia.
Wa nne haukuwa wa kanisa.