Uzi wa Mafundo Mawili

Kabla sijatoka nyumbani Nkuhungu
niliupima mdomo wa oveni kwa uzi wa katani,
fundo huku, fundo kule,
nikauviringisha kidoleni kama pete ya pili
nikashuka mjini, Barabara ya Sita.

Oveni yenyewe ni pesa ya kikoba.
Miezi minne imekaa jikoni imefunikwa khanga,
mama mkwe akiweka juu yake miwani na Biblia.
Trei iliyokuja nayo ni bati tupu:
mbuzi wa kwanza, siku ya kipaimara cha Yeremia,
ikalia ta! katikati ya moto, ikapinda mgongo,
mchuzi ukakimbilia pembe moja
ukaungulia huko, ukawa lami.

Nilisugua. Jivu, mchanga wa korongoni,
waya wa chuma, kucha.
Ndoo mbili zikaenda na weusi ukabaki.
Ndoo mbili! Na kwetu bomba linakohoa Jumanne,
linatema Ijumaa,
siku nyingine zote tunaishi kwa kilichomo pipani.

Kwa hiyo dukani sikuanza na bei.

"Mbukwenyi," nikasema. Chiwanga, mwenye duka,
akashusha rafu nzima juu ya kaunta.

Ya kwanza alumini, nyepesi kama ahadi ya mwenye deni.
Nikaibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea.
Ya pili nyeusi, laini. "Hii haishiki hata gundi, mama."
Na siku mtoto akiikwangua kwa kijiko?
Akatazama mlangoni.
Ya tatu chuma cha kusubu. Niliinua,
nikakifikiria kiwiko changu, nikairudisha kwa heshima
kama unavyomrudishia mwenzio mtoto wake mnene.
Ya nne chuma cha pua, inang'aa, unajitazamia,
lakini pembe zake zimekunjwa makunjo,
na ndani ya makunjo kidole hakifiki.
Pasipofika kidole, mafuta hufika.

"Unanunua trei au unaoza binti?" akauliza Chiwanga.
Mama mmoja wa Kizota, mwenye mfuko wa karanga, akacheka.
Nami nikacheka. Sikutoka.

Ya tano ilikuwa chini, na vumbi lake.
Nyeusi yenye madoa meupe, kanga wa porini kabisa,
chuma kilichopakwa enameli.
Pembe za mviringo kama bakuli.
Mikono miwili inayotosha kiganja pamoja na kitambaa chake.
Kimo, vidole vinne.
Nikaigonga kwa ukucha. Ikaitika
kama njuga ya mbuzi aliye mbali.
Nikatoa uzi: fundo huku, fundo kule,
ikabaki nafasi ya kidole kila upande
hewa ya moto ipite.
Ndipo nikauliza bei.
Tulivutana mpaka adhana ya adhuhuri.

Jumapili nikaoka paja la mbuzi wa mnadani,
chumvi, vitunguu, ndimu,
na konzi ya zabibu chachu kutoka kwa kaka yangu, Hombolo.
Nilisimama karibu na oveni nikisikiliza.
Trei haikulia.
Tulikula mpaka watoto wakagombania
nani afute mchuzi kwa mkate.

Kisha mama mkwe, bibi Damari, akaitaka.
Yeye hajawahi kuiamini oveni;
husema moto usioonekana una siri.
Akakaa nayo kizingitini,
akamimina kikombe kimoja cha maji ya moto,
akaiacha iloe wakati akitafuta miwani.
Akapitisha kitambaa mara moja, pembeni mara mbili.
Akaiinua kwenye jua. Akatafuta kosa kwa ukucha,
upande huu, upande ule,
chini ya mikono.

Hakusema kitu.
Akaichukua ndoo niliyokuwa nimemtengea,
imejaa vilevile,
akaenda nayo polepole nyuma ya nyumba
kwenye mche wa mpapai
ambao tangu Agosti alikwisha kuukatia tamaa.