Aitwaye

Chumba cha nyaraka, ghorofa ya chini kabisa.
Theluji imepanda hadi kwenye kingo za dirisha
na mimi, Ghislaine, nimevaa makoti mawili,
nazungusha filamu ya parokia kwa mkono
kama anayesaga kahawa ya wageni wasiofika.

Majira manne ya baridi namtafuta Télesphore Gaboury.
Nimempata akibatizwa, mchanga wa siku moja,
padri kaandika pembeni: *mto umeganda*.
Nimempata akizikwa, miaka sabini na mitatu,
mgane wa Philomène Doiron.
Katikati, hamna.
Watoto tisa, kila mmoja *wa ndoa halali*,
na ndoa yenyewe haionekani,
nyumba ina paa, ina madirisha,
mlango sijui waliuweka wapi.

Binamu yangu Normand alisema, labda hawakuoana.
Akacheka. Mimi nikaendelea kumenya viazi.
Mama alikufa na pete ya Philomène kidoleni;
tulimvua kwa sabuni, mimi na dada yangu,
tukiomba radhi kila ilipogoma.

Leo bwana Levasseur, mtunza nyaraka,
anayekula tofaa kwa kisu, kipande kipande,
amesimama nyuma yangu akitafuna.
— Bibi, unatafuta kwa G.
— Nitafute kwa herufi gani basi?
— Watu wale walikuwa na jina la kanisani
na jina la kambini. Babu wa babu yao aliletwa askari,
wenzake wakambandika la utani, likaganda
kwa wana na wajukuu kama mbegu za magugu kwenye soksi.
Jaribu S.

Jumanne, ishirini na moja Novemba, 1871,
siku chache kabla ya Majilio kufunga harusi zote.
*Baada ya tangazo moja, mengine mawili yakiwa yamesamehewa,
na kizuizi chochote kisigunduliwe,
kati ya Télesphore Gaboury, aitwaye Sansoucy, mkulima…*

Sansoucy. Kwa lugha yetu, asiyehangaika.
Miaka minne nimehangaika
kumtafuta Bwana Asiyehangaika.
Nikacheka peke yangu mpaka miwani ikaingia ukungu.

*…na Philomène Doiron, binti asiyetimiza umri,
kwa idhini ya baba yake.
Bwana harusi na bibi harusi, na baba zao wote wawili,
wametamka kwamba hawajui kutia sahihi.*

Wametamka. Nawaona wakitamka.
Mmoja mmoja, mbele ya meza yenye baridi,
wanaume wanaojua kukadiria uzito wa fahali kwa macho,
wanatazama kalamu, halafu wanatazama buti zao.

Kisha, chini ya maandishi laini ya padri,
herufi kubwa, nzito, zinazopanda mlima:
*Exilda Doiron, dada wa bibi harusi.*
Mkia wa E umeburuzwa mpaka ukingo wa karatasi.
Wino umedondoka, akaupangusa kwa kidole, nadhani,
maana kidole chenyewe kipo, kijivu, kidogo.

Exilda ni nani?
Hakuna aliyewahi kunitajia Exilda.
Si mama, si shangazi Rolande aliyejua hata ng'ombe kwa majina.
Katika chumba kizima cha watu waliokula kiapo
ni yeye peke yake aliyekuwa na mkono,
na ukoo mzima umemsahau
ukamkumbuka farasi aliyewaleta kanisani.

Nikamgeuzia kisogo Bwana Asiyehangaika.
Samahani, mzee. Wewe umeshaoa.

Nikachukua fomu ya maombi, ile ya rangi ya njano,
penye *Jina la anayetafutwa*, nikaandika pole pole.
Levasseur akaisoma, akafuta kisu kwenye suruali.
— Tunafunga saa kumi na nusu.
— Najua.
— Nianze kwa D?
— Anza kwa D, nikamwambia.