Namba Tisa

Wameita mara tatu: "Bwana M. S. Faki!"
Wanaume wakatazamana, kila mmoja akimtafuta mwenzake.
Nikanyanyuka, mkono ukutani:
"Bwana huyo ni mie.
Mize binti Shaame Faki, koplo mstaafu.
Na bwana wenu huyu ana wajukuu saba,
na kizazi alitolewa Mkoani, mwaka wa themanini na nane."
Karani akataka kulisahihisha jalada. Kalamu ikagoma.
Akaazima yangu.

Mtaalamu wa viungo ni binti wa Kiuyu, Bikombo,
hirimu ya kitinda mimba wangu.
Hakuligusa goti.
"Vua viatu, bibi," akasema,
kisha yeye ndiye akapiga magoti,
akavitazama vidole vyangu vilivyolaliana
kama watoto waliogombea shuka moja.
"Nani kakufanya hivi?"

Namba tisa, mwanangu.
Ghalani mlikuwa na namba tisa na namba kumi.
Mguu wangu ulikuwa wa tano,
na mgawa vifaa akacheka, akaniambia: utakua.
Nikaichana kanga aliyonipa mama siku ya kuondoka.
Jina lake: Mwenda pole hajikwai.
"Mwenda pole" nikalishindilia buti la kushoto,
"hajikwai" la kulia,
nikakaza kamba, nikafuata mstari.

Kutoka Mutukula hatukwenda pole.
Redio mgongoni ilikuwa na uzito wa beberu
na ubishi wake pia.
Pindo la kanga lililosalia lilinisitiri siku zangu za mwezi;
nikilifua gizani, nikilikausha kifuani, ndani ya shati,
maana katika orodha ya vifaa
hapakuwa na aliyeliandika hilo.

"Na kulala?"

Miaka arubaini na ushei
wamenipima presha, wamenipima sukari, wamenipa panado.
Kulala, hajaniuliza mtu.
Nikasema nalala vizuri.
Akangoja.
Nikasema saa tisa naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda,
nahesabu pumzi za wajukuu chumba cha pili,
saba, saba, saba,
na sikio la kulia linapiga filimbi mpaka adhana.
Marehemu mume wangu alidhani ni ibada.
Nikamwacha adhani.

Bikombo hakusema pole. Aliandika.
Kisha akatandaza kalenda ya mwaka jana, mgongo juu,
akanisimamisha katikati,
akauzungushia mguu wangu penseli, polepole,
kisigino, ubavu, vile vidole vyenye ugomvi.
Nikatekenyeka, nikacheka
hata mzee wa upande wa pili akafunua pazia.
Ndiyo kwanza mtu aupime.

"Unataka goti likufanyie nini?"
Jeshini tulifunzwa kuitaja shabaha kwa maneno machache.
"Nataka nisujudu."
Mwaka wa sita huu nasali juu ya kiti, kama abiria.

Basi: taulo chini ya goti, bonyeza, hesabu kumi,
mara tatu, asubuhi na jioni.
Nahesabu kwa sauti ya gwaride, jirani analalamika.
Jumatano tunakuwa watatu kule ukumbini:
mie, Riziki Ussi na mgongo wake,
na Time Kombo aliyeendesha lori,
ambaye shingo haigeuki tena
lakini macho bado yanatafuta kioo cha pembeni.
Hatuzungumzii vita. Tunazungumzia mkojo,
kikohozi kinavyoupenyeza,
na tunacheka, na kicheko nacho kinaupenyeza,
na Bikombo anatufunza kuubana.

Viatu vimekuja kutoka kwa fundi wa Chake,
ngozi laini, vipana mbele.
Kabla ya kuvaa nilitia mkono ndani,
nikapapasa mpaka nchani.
Mazoea. Hapakuwa na kitambaa.

Jana, baina ya paji la uso na mkeka
vilibaki viganja viwili.
Leo kimoja na nusu.
Sina haraka.
Goti lenyewe ni la kushoto,
na mguu huo ndio uliopewa neno lake mapema.