Robo Kilo

Ndahani Mbeleje wa Kigwe hakuuliza nauli.
Alishailipa: mbuzi wanne, na deni pembeni.
Aliuliza, "Tabora ni mbali kiasi gani kutoka hapa?"
nami, mtu wa mizani, nikamjibu kwa kipimo:
kilometa mia tatu arobaini na kitu,
dakika hamsini, upepo ukiwa na adabu.

Akazihesabu hamsini zile kwa vidole,
akafika kumi, akaanza upya.
Treni aliijua. Mwaka aliofuata mchumba
alipita Bahi, Kintinku, Saranda ya wauza kuku,
Manyoni, Itigi usiku wa manane,
na kulipokucha miombo ilikuwa bado haijaisha.
"Ule ulikuwa umbali," akasema.
"Huu wenu sijui niuite nini."

Weka mzigo, nikamwambia.
Mlenda mkavu, umefungwa kwenye kipande cha khanga,
na juu yake karatasi: Madeje, Kitete, wodi ya wanawake.
Kilo mbili na robo.
"Chakula cha kule anakikataa," akasema,
akiitazama sindano kama inayoweza kumjibu.
"Labda hiki."

Ndege ikachelewa.
Hilo hatuliandiki kwenye tiketi.
Saa mbili ikawa saa tatu, saa tatu ikaota mkia,
vumbi likavuka njia ya ndege bila kuulizwa kitambulisho.
Alikaa hakuegemea,
kama mtu aliyeazimwa kiti na mwenyewe yu njiani.
Kwa muda ule angekwenda Tabora, akarudi, akaenda tena.
Hesabu hiyo niliipiga kimoyomoyo. Sikumpa.

Miaka kumi na tisa napima mizigo ya watu,
kupanda sijapanda.
Kutoka hapa hadi kwangu Nkuhungu, kwa miguu,
nikikata kwa njia ya panya,
ni dakika hamsini zilezile.
Kwa hiyo kila jioni nami nafika Tabora,
namkuta Sechelela anamenya viazi
na redio imeisha betri.
Wanasema tutahamia Msalato, kwenye uwanja mkubwa.
Hapo nyumbani kwangu na kazini kwangu
patakuwa mbali kuliko mkoa na mkoa.

Ilipokuja, saa tano kasoro,
abiria wakasimama wote kwa pamoja.
Yeye akarudi kwenye meza yangu.
"Mama, nikiondoka sasa,
huko nitamkuta katika siku hii hii ya leo?"
Siku hii hii, nikasema. Hata jua halitakuwa limekata utosi.
"Siku hii hii," akarudia,
akalikunja neno kama noti, akaondoka nalo.

Nikabaki na mizani.
Sindano haikurudi kwenye sifuri.
Nikapuliza vumbi, nikaigonga kwa ufunguo wa droo,
nikainama kutazama kama kuna kilichonasa chini.
Bado robo.

Akaja mwenye makasha ya zabibu,
ana haraka, ana simu mbili,
akaona, akapaza sauti kwamba namwibia.
Sikubishana naye.
Nikamtolea robo kilo, nikaandika,
na ile robo nikaiacha pale ilipo
mpaka simu ya mezani ilipolia kutoka Tabora:
wametua.