Mazabodi

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nne na dakika,
ukarudi na hasira zake.
Balbu ya uani ikapasuka. Kompyuta ya dukani
ikatoa harufu ya kiazi kilichoungua, ikanyamaza.

Humo mlikuwa na barua za kazi za nusu ya Tandika,
kadi tatu za kicheni pati,
na wasifu wa kijana anayejiongezea
mwaka mmoja wa uzoefu kila mwezi.

Fundi Mkude wa Mtaa wa Aggrey akafungua kifuniko,
akamulika kwa simu, akaguna.
"Kapasita zimevimba, dada. Mazabodi imekwenda.
Iliyotumika ninayo, elfu themanini na tano."
Nikataja sabini. Tukakutana sabini na tano,
na sirinji ya pesti, nusu, ya bure.

"Kufunga tutafunga wenyewe," akasema Shomvi.
Ana miaka kumi na mitano, na bisibisi yenye sumaku.

Jumapili. Mlango wa duka nusu.
Vumbi tukalipuliza kwa pampu ya baiskeli:
mende mmoja mkavu,
shilingi mia ambayo hakuna aliyewahi kuidai.
Skrubu nikazipanga kwenye kisahani
kwa jinsi zilivyotoka.

Nikamwuliza mbona inaitwa hivyo.
"Mama wa vyote," akajibu, kichwa ndani ya kasha.
"Prosesa, memori, feni, kila kitu kinachomekwa kwake.
Bila yeye hivi ni vyuma tu."
Halafu: "Hii siyo yake ya kuzaliwa nayo.
Lakini matundu yanalingana."
Sikusema kitu. Nilishika tochi.

Mwaka wa tatu huu nimo katika nyumba hii.
Asubuhi hunipa shikamoo tupu,
isiyo na jina nyuma yake.
Duka nililikuta na bango, rangi nyekundu:
STESHENARI YA MAMA SHOMVI.
Wateja wakaniita kama bango lilivyosema.
Niliitika. Ningefanyaje, na foleni ya fotokopi ilikuwa mlangoni?

Pesti akaiweka kiasi cha punje ya choroko.
Nyaya ndogo za swichi zikatutesa.
Tukabonyeza: kimya.
Tukazigeuza: kimya.
Mara ya tatu feni ikakohoa, ikazunguka,
kisha mlio mmoja mfupi,
na Shomvi akaipiga meza hadi kuku wa jirani akakimbia.

Kioo kikatuambia leo ni Januari mosi, 2011.
Mwaka ule mama yake
alikuwa bado anahesabu karatasi hapo kaunta.
Akaitazama ile tarehe
muda mrefu kuliko inavyotaka kusahihishwa.
Kisha akaisahihisha.

Tukachomeka flashi. Tukafuta C.
D hatukuigusa. Kuna folda yake humo,
sote wawili tunajua, na hakuna aliyeitaja.

Windows ikapanda, asilimia kwa asilimia,
chai ikapoa, adhana ya adhuhuri ikapita.
Ikauliza tuko wapi duniani.
Katika orodha ya majira Dar es Salaam haimo.
"Weka Nairobi," nikasema, "jua ni lile lile."
Ikaandika kumi na nne kamili.
Kwetu ilikuwa saa nane, na njaa.

Mwisho ikauliza: nani atatumia kompyuta hii?

Nikadhani ataandika jina lake.
Akaandika kwa vidole viwili, bila kunitazama,
Mama Shomvi,
akabonyeza kitufe.
Mashine haikuuliza yupi.
Ikasema karibu, ikafungua ukurasa wa buluu.

Printa tu ndiyo iliyokataa.
Printa ina mambo yake.
"Kesho tutaitafutia draiva," akasema,
na skrubu moja ikabaki kwenye kisahani,
hatujui ya wapi.